Msongo wa mawazo: Mzigo uliochelewa kupewa jina

Ajali ya treni iliyotokea magharibi ya Sydney mwaka 1977 iliwafunza wataalamu namna binadamu anavyobeba dhiki, na namna anavyoweza kusaidiwa kuitua. Nusu karne baadaye, somo hilo linawagusa wakaazi wa Penrith, manusura wa Nairobi na wakimbizi walioko kaskazini ya Uganda.

Mji wa Penrith uko kando ya Mto Nepean, zaidi ya kilomita 50 magharibi ya katikati ya jiji la Sydney, nchini Australia, chini ya miteremko ya safu ya Blue Mountains. Reli ilifika hapo mwaka 1863, na treni za umeme zikafuata mwaka 1955. Tangu hapo mji huo, uliokuwa wa wakulima na wafanyakazi wa reli, umekuwa makaazi ya maelfu ya watu ambao kazi zao ziko mbali na nyumba zao. Huondoka asubuhi na mapema, hurudi jioni, na kati ya safari hizo mbili hubeba mambo mengi yasiyoonekana ndani ya mikoba yao: deni la nyumba, mtoto aliye mgonjwa, mkuu wa kazi asiyeridhika, habari mbaya kutoka kwa jamaa.

Maisha ya namna hiyo si mageni kwa mkaazi wa Dar es Salaam anayegombea daladala kutoka Mbagala, wala kwa mkaazi wa Nairobi aliyekwama katika msafara wa magari wa Thika Road. Hata hivyo, elimu ya kuutambua mzigo huo na kuupatia dawa ni elimu changa. Ina historia yake, na sehemu moja muhimu ya historia hiyo ilipita kwenye reli ya Penrith.

Mwili hutangulia, ulimi hufuata

Kiswahili hakikukosa maneno ya kutaja machungu ya moyo. Kuna dhiki, wahka, simanzi, jitimai, kihoro na sononeko. Kila moja lina mahali pake: kihoro ni majonzi makubwa ya aliyefikwa na msiba, na wahka ni kukosa utulivu kwa mtu anayengoja jambo asilolijua mwisho wake. Neno linalotumiwa zaidi siku hizi, msongo wa mawazo, latokana na kitenzi kusonga, yaani kubana au kukaza. Ni ukoo mmoja na msongamano wa watu sokoni, na hata na ugali unaosongwa jikoni. Mtu mwenye msongo ni mtu aliyebanwa. Ameshindwa kupata nafasi ndani ya kifua chake mwenyewe.

Sayansi nayo ilianzia kwenye mwili kabla ya kufika kwenye mawazo. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kilichoeleza yanayotokea mwilini pale mnyama anapokabiliwa na hatari: moyo hupiga mbio, pumzi huongezeka, damu huelekezwa kwenye misuli na tumbo husitisha kazi yake. Mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Mwaka huo huo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari wa Uingereza Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet kuhusu wanajeshi waliopoteza uwezo wa kuona, kunusa au kukumbuka baada ya mabomu kulipuka karibu nao. Majeshi yalishindwa kuamua kama watu hao walikuwa wagonjwa au waoga. Swali hilo, kwamba je, aliyezidiwa ni mgonjwa au ni dhaifu, liliendelea kuwaandama wenye dhiki kwa miongo mingi.

Mwaka 1936 Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Canada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Aligundua kwamba panya waliopatwa na mashaka ya aina mbalimbali, iwe baridi kali, majeraha, kuchoshwa kupita kiasi au sumu, walionyesha mabadiliko yanayofanana ndani ya miili yao, yakiwemo vidonda vya tumbo. Alieleza hatua tatu: kwanza mwili hushtuka, kisha hustahimili, na hatimaye, mashaka yasipokoma, huchoka kabisa.

Hatua ya pili ndiyo yenye hadaa. Mtu anayestahimili huonekana mzima. Huenda kazini, hucheka na wenzake, hulipa ada za watoto. Kumbe akiba yake inapungua kila siku.

Jina la Selye lilienea duniani, hasa baada ya kitabu chake cha mwaka 1956, lakini umaarufu huo ulikuwa na upande wa pili. Nyaraka za makampuni ya tumbaku zilizowekwa wazi baadaye zilionyesha kwamba alipokea fedha kutoka kwa makampuni hayo, yaliyopenda watu waamini kuwa maradhi ya moyo yatokana na msongo, na kwamba sigara humtuliza mvutaji. Tangu mapema, basi, kulikuwa na wauzaji waliokuwa tayari kumuuzia mtu aliyebanwa faraja ya bandia.

Mnamo mwaka 1984, wanasaikolojia wa Marekani Richard Lazarus na Susan Folkman walileta maelezo ambayo wengi huyatumia hadi leo. Msongo, walisema, hutokea pale mtu anapoona kwamba anayotakiwa kuyakabili yamezidi uwezo alio nao. Kwa maneno mengine, kuna mizani yenye pande mbili. Mzigo unaweza kupunguzwa, na nguvu za mbebaji zinaweza kuongezwa. Jambo ambalo maabara haikuweza kulieleza ni hili: nguvu hizo hutoka wapi?

Simu iliyolia Sydney

Jibu moja lilijitokeza Sydney mapema zaidi, nje ya maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mchungaji wa Kanisa la Methodisti, Alan Walker, alipigiwa simu na mtu aliyekuwa amekata tamaa. Walipatana kukutana, lakini mtu huyo alijiua kabla ya siku hiyo kufika. Walker aliamini kwamba katika jiji lenye mamilioni ya watu hapana budi pawepo na mahali ambapo sauti ya binadamu itapatikana wakati wowote, mchana na usiku. Machi 1963 huduma ya simu iitwayo Lifeline ilianza kazi mjini Sydney, ikihudumiwa na watu wa kujitolea waliofunzwa kusikiliza. Huduma hiyo ilienea Australia nzima na kuvuka mipaka yake.

Lililokuwa jipya hapo halikuwa dawa. Walker alitambua kwamba mtu anaweza kuishi katikati ya umati na bado akakosa wa kumwambia neno moja. Jiji lilikuwa limewaleta watu karibu kwa makaazi, likawatenga kwa maisha.

Asubuhi ya Januari 18

Jumanne ya tarehe 18 Januari 1977, treni ya abiria iliondoka Mount Victoria, juu katika Blue Mountains, saa kumi na mbili na dakika tisa asubuhi kuelekea Sydney. Iliteremka milima, ikapita Penrith, ikapita Parramatta. Kiasi cha saa mbili na dakika kumi, ilipokuwa ikikaribia kituo cha Granville, kichwa cha treni kiliacha reli na kugonga nguzo za daraja la barabara ya Bold Street lililokuwa juu yake. Muda mfupi baadaye daraja hilo la zege liliyaangukia mabehewa mawili yaliyojaa watu waliokuwa wakienda kazini.

Watu 83 walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Ilikuwa, na hadi leo imebaki, ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli za Australia. Uchunguzi ulionyesha kwamba njia ya reli mahali pale ilikuwa katika hali mbaya na haikuwa imetunzwa ipasavyo. Baadaye hesabu ya waliofariki iliongezwa hadi 84, kwa kumhesabu mtoto ambaye alikuwa bado hajazaliwa.

Waokoaji walitambaa katika nafasi nyembamba chini ya zege kuwafikia walionasa. Baadhi ya waliofikiwa walikuwa wakizungumza, wakifarijiana, wakitaja majina ya watoto wao, lakini hawakutoka hai. Kazi iliendelea kutwa nzima na usiku kucha. Katika miji na vijiji vya njia ile, kutoka milimani hadi uwanda wa Penrith na kuendelea mashariki, kulikuwa na nyumba ambazo jioni ile hakuna aliyerudi.

Elimu iliyotoka katika msiba

Wakati huo alikuwepo Sydney daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Beverley Raphael. Alikuwa ametoka kufanya utafiti miongoni mwa wajane wa jiji hilo. Aliwachagua wale waliokuwa katika hatari zaidi ya kuugua kutokana na msiba, hasa wale waliohisi kwamba watu waliowazunguka hawakuwapa nafasi ya kuomboleza. Baadhi yao walipewa msaada wa mazungumzo katika miezi mitatu ya mwanzo, na wengine hawakupewa. Baada ya miezi 13, waliosaidiwa walikuwa na afya bora kuliko wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka huo huo wa 1977.

Ajali ya Granville ilipotokea, Raphael na wenzake walisaidia kuandaa mpango ambao kabla ya hapo haukuwa wa kawaida. Washauri waliwapokea jamaa pale walipokwenda kuwatambua marehemu wao, wakakaa nao, na baadaye wakawafuatilia majumbani. Mwaka 1981 Raphael na mwenzake Bruce Singh walichapisha taarifa juu ya hali ya wafiwa. Waliopoteza mume, mke au mtoto ndio walioumia zaidi. Waliokuwa na ndugu na marafiki wa kuwaunga mkono walikuwa na hali afadhali. Na wale walioiona maiti ya mpendwa wao walielekea kupata nafuu kuliko wale waliozuiwa kwa kuambiwa kwamba wangeumia zaidi.

Kwa msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki, au wa bara, matokeo hayo huenda yasiwe na ajabu. Matanga, kisomo, majirani wanaokuja kupika na kulala kwa mfiwa, ndugu wanaosafiri usiku kucha ili wamuage marehemu: yote hayo yalikuwepo kabla ya utafiti. Lakini katika mji wa kisasa ambako kila familia hufunga mlango wake, desturi za namna hiyo zilikuwa zimefifia, na ilibidi sayansi izirudishe kwa jina lingine.

Raphael na wenzake waliuliza pia swali lililokuwa limesahauliwa: nani humsaidia anayesaidia? Walipowachunguza waokoaji wa Granville, wengi wao walikuwa na dalili za kuelemewa. Kilichowaumiza zaidi hakikuwa uchovu. Kilikuwa kule kushindwa kufanya lolote mbele ya mtu anayekufa, wingi wa vifo, na uchungu wa jamaa waliokuwa wakingoja. Polisi, wazima moto, wauguzi, watu ambao kazi yao ni kuwa imara, nao walikuwa na kikomo.

Msaada huo haukumfikia kila mtu. Baadhi ya manusura walieleza kwamba waliachwa wajitegemee kwa miaka mingi, wakiambiwa washukuru kwamba wako hai. Ilipofika Mei 2017, miaka 40 baada ya ajali, serikali ya jimbo la New South Wales iliomba radhi rasmi bungeni. Kila Januari jamaa wamekuwa wakikusanyika Granville na kudondosha maua ya waridi juu ya reli. Kwao, muda peke yake haukuwa dawa.

Kusikiliza si kulazimisha

Baada ya kutambuliwa kwamba maafa huacha majeraha ya moyo, dunia iliingia katika kishindo cha kutoa ushauri. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa mzima moto, alipendekeza utaratibu wa kuwakusanya waokoaji muda mfupi baada ya tukio na kuwataka wasimulie waliyoyaona na waliyoyahisi. Utaratibu huo ulienea kwa haraka, ukatumiwa hata kwa waathirika wenyewe, mara nyingi katika kikao kimoja tu.

Nia ilikuwa njema, lakini matokeo hayakulingana na matumaini. Mapitio ya majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuta kwamba kikao kimoja cha kumsimulisha aliyeumia hakikuzuia madhara ya baadaye, na kwamba baadhi ya waliopitishwa katika kikao hicho walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioachwa. Kumlazimisha mtu afungue jeraha kabla hajawa tayari, kisha kuondoka, si kumtibu.

Nairobi ilitoa ushahidi wake pia. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 213 walikufa Nairobi, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wa majengo ya jirani, na 11 walikufa Dar es Salaam. Daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji Wakenya zaidi ya 2,800 katika miezi mitatu ya kwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na zile za ugonjwa unaotokana na kiwewe. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hali mbaya zaidi yalikuwemo kujeruhiwa, kufiwa, kukwama kifedha baada ya mlipuko, na pia jambo moja dogo kwa sura: kutokuwa na rafiki wa kumwambia siri ya moyo.

Kati ya Granville na Nairobi kuna bahari na miaka 21, lakini habari ni ile ile. Aliye na mwenzake hupona upesi zaidi. Na mwenzake huyo si lazima awe mtaalamu. Yatosha awepo, asiharakishe, asaidie kwa vitendo, na arudi tena kesho. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu maafa, Raphael alilizungumzia jambo hilo kuwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kumweka mtu mahali salama, kumpa maji na blanketi, kumsaidia awapate watu wake, na kumsikiliza akitaka kusema. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma hiyo kwa wafanyakazi wa misaada kote ulimwenguni.

Raphael baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Western Sydney, chenye kampasi zake Penrith. Alifariki mwaka 2018.

Kutoka Kakuma hadi magharibi ya Sydney

Chuo hicho kina uhusiano mwingine na historia hii. Mwaka 1987 Janice Reid na Timothy Strong waliandika ripoti kuhusu mahitaji ya kiafya ya wakimbizi walioteswa ambao walikuwa wakiishi New South Wales. Mwaka uliofuata kituo cha STARTTS kilianzishwa mjini Sydney kwa ajili ya kuwatibu walionusurika mateso na kiwewe. Reid baadaye alikuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Western Sydney kuanzia mwaka 1998 hadi 2013, na katika miaka hiyo hiyo sura za vitongoji vya magharibi ya Sydney zilikuwa zikibadilika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Australia iliwapokea maelfu ya wakimbizi kutoka Sudan, wengi wakiwa wamepitia Misri au kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 katika jimbo la Turkana nchini Kenya. Waliofuata ni pamoja na Wakongomani na Warundi, baadhi yao wakiwa wamekulia katika kambi za mkoa wa Kigoma, Tanzania. Wengi walikuja na Kiswahili kama lugha ya shule, ya soko au ya foleni ya chakula.

Ilikuwa rahisi kudhani kwamba machungu ya watu hao yote yako nyuma, katika vita walivyovikimbia. Utafiti wa Robert Schweitzer na wenzake kuhusu Wasudani waliohamia Australia, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha picha pana zaidi. Yaliyowapata kabla ya kuondoka yalikuwa na athari, lakini vilevile shida za maisha mapya na wasiwasi juu ya jamaa waliobaki. Na kilichowasaidia kilikuwa kuungwa mkono na familia na watu wa jamii yao.

Kila msikilizaji aishiye ughaibuni anajua habari ya simu inayolia usiku wa manane. Kwao ni jioni, kwake ni saa nane ya usiku. Mama anahitaji dawa, mdogo wake amefukuzwa shule kwa ada, na aliyeko ng'ambo hathubutu kusema kwamba mshahara umekwisha. Anaagiza fedha, anakopa, na asubuhi anapanda treni akiwa hajalala. Akiulizwa hali, hujibu kwamba ni njema. Huyo ndiye mtu wa hatua ya pili ya Selye: anayestahimili, na asiyeonekana.

STARTTS ilitambua kwamba mtu wa namna hiyo mara nyingi haji kwa mwanasaikolojia, kwa kuwa kwao anayekwenda huko huitwa mwendawazimu. Pamoja na tiba ya mtu mmoja mmoja, kituo kiliendesha vikundi vya familia vilivyoongozwa na watu wa jamii husika, kwa lugha zao, ambamo hujadiliwa mambo ya kawaida: fedha, malezi, shule, uhusiano wa mume na mke katika nchi mpya. Mlango wa kuingilia ulikuwa maisha ya kila siku, nao mzigo wa moyo ukapata nafasi ya kutajwa ndani yake.

Joto, moto na maji

Penrith yenyewe ilipata majaribu mapya. Tarehe 4 Januari 2020, joto katika mji huo lilifika nyuzi 48.9 za Selsiasi, kiwango cha juu kabisa kuwahi kupimwa katika eneo la Sydney. Msimu huo huo moto wa nyika uliteketeza sehemu kubwa za Blue Mountains, na moshi ukatanda mijini kwa wiki nyingi. Kisha yakaja maradhi ya Covid-19 na amri za kubaki majumbani. Machi 2021, na tena mwaka 2022, Mto Nepean ulifurika na familia zikalazimika kuhama.

Matukio kama hayo hukumbusha jambo ambalo maelezo ya kisaikolojia pekee hayawezi kulifuta. Msongo si kasoro ya fikra za mtu. Mara nyingi una sababu iliyo nje yake: reli isiyotunzwa, kodi inayopanda, mto unaofurika, kibali cha ukaazi kisichotolewa. Kumfundisha mtu kuvuta pumzi polepole ni kumsaidia, lakini hakumwondolei mwajiri wala serikali wajibu wa kuitengeneza reli.

Sauti kutoka Rhino Camp

Sura ya karibuni ya historia hii imeirudisha elimu hiyo Afrika Mashariki. Katika makaazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi ya Uganda, watafiti walijaribu mafunzo ya kukabiliana na msongo yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Waliohusishwa ni wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Hapakuwa na daktari mbele yao. Walikaa kwa vikundi na kusikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, katika vikao vitano vya saa mbili mbili, vikiongozwa na watu waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya mafunzo, dhiki ya waliohudhuria ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuhudhuria.

Yaliyofundishwa huko ni mambo ambayo mtu yeyote aweza kuyajaribu. Mawazo yanapomkokota mtu, huanza kwa kutambua kwamba yamemkokota. Kisha hupunguza mwendo wa pumzi, hukanyaga miguu yake ardhini kwa makini, hutazama na kusikiliza vilivyo mbele yake. Shida haijaondoka, lakini amerudi mahali alipo. Baada ya hapo huchagua jambo moja dogo lenye thamani kwake, kama kumsikiliza mtoto wake au kumtembelea jirani, na kulifanya hata kama moyo bado ni mzito.

Dalili nazo hazijifichi kwa anayezijua: usingizi unaokatika, kichwa au mgongo unaouma bila sababu, moyo kwenda mbio, hasira ya ghafla kwa watu wasio na kosa, kusahau mambo, kukosa hamu ya chakula au kula kupita kiasi, pombe na sigara kuongezeka, kujitenga. Moja kati ya hizo si ugonjwa. Zikikusanyika na kuendelea kwa majuma, na hasa pale mtu anapoanza kuona kwamba maisha hayana maana, ni wakati wa kumwona mhudumu wa afya au kumweleza mtu wa kuaminika siku hiyo hiyo, bila kungoja.

Wanajeshi wa mwaka 1915 waliulizwa kama ni wagonjwa au ni waoga. Kutoka Sydney hadi Nairobi na Rhino Camp, uchunguzi umeliacha swali hilo na kuuliza jingine: aliyezidiwa ana nani wa kumpokea? Wahenga walikwisha kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana machungu ya mwingine huonekana mepesi kwa asiyeyabeba. Ndiyo sababu kumuuliza mtu hali yake, na kungoja jibu la pili baada ya lile la "njema", kungali miongoni mwa misaada ya awali ambayo kila mmoja anaweza kuitoa.